Namba ya nyumbani, simu mpya, kampuni iliyo mbali: kisa cha kuhamisha eSIM ukiwa ughaibuni

Kisa hiki ni cha mwanamke anayeishi ughaibuni kwa miaka kadhaa sasa. Nitamwita mwenye namba, kwa kuwa namba ndiyo kiini cha habari yote. Ni namba aliyoisajili kwao kabla ya kuondoka. Kwa mazungumzo ya kila siku ana laini ya nchi anakoishi, na hiyo ya nyumbani inaweza kumaliza mwezi bila kupigwa. Hata hivyo ndiyo iliyofungwa kwenye akaunti yake ya benki, kwenye pesa zake za simu, kwenye barua pepe yake ya miaka mingi na kwenye programu ya ujumbe ambamo ukoo mzima humpata. Akitaka kufanya muamala wowote wa maana, msimbo wa uthibitisho hutumwa huko.

Laini hiyo ilikuwa eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, ndani ya simu iliyokwisha kuchoka: chaji haikai, na tundu la kuchajia limelegea hadi waya ushikiliwe kwa mkono. Akanunua simu mpya. Tayari kulikuwa na mtu anayeitaka ile ya zamani kwa ajili ya vipuri, kwa sharti kwamba akabidhiwe ikiwa imefutwa kila kitu.

Alinitafuta baada ya jaribio lake la kwanza kukwama. Alikuwa ametunza karatasi yenye msimbo wa QR aliyopewa siku alipowekewa eSIM, akauskani kwa simu mpya, akaambiwa msimbo huo hauwezi kutumika. Kilichonitia wasiwasi ni hatua aliyokuwa anataka kuchukua baada ya hapo. Alifikiri kwamba laini "imeshikwa" na simu ya zamani, hivyo aifute kule kwanza, kisha auskani msimbo upya kwenye simu mpya. Nilimwomba asiguse chochote mpaka tuzungumze.

Watu wengi wangefikiri kama yeye, na mawazo hayo yana mantiki kwa mtu aliyezoea kadi ya plastiki: ukitaka kuihamisha, unaitoa huku unaitia kule. eSIM haiendi hivyo. Ndani ya simu kuna chipu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao, nayo ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 32, iitwayo EID. Kampuni ya simu huandaa profaili, yaani taarifa na funguo za siri ambazo zamani zilikaa kwenye kadi, na kuiweka kwenye seva. Msimbo wa QR haubebi laini ndani yake. Unabeba anwani ya seva hiyo na neno la kuombea profaili. Simu ikiskani, seva inaikabidhi profaili kwa chipu ile ikiwa imefumbwa kwa namna ambayo chipu hiyo pekee inaweza kuifumbua, na kwa kawaida makabidhiano hayo ni ya mara moja tu. Ndiyo sababu karatasi aliyoitunza kwa uangalifu ilikuwa haina kazi tena.

Zaidi ya hapo, funguo za siri hazitoki kwenye chipu. Huwezi kuzinakili, simu haiwezi, fundi hawezi. Kwa hiyo tunaposema "kuhamisha eSIM", kinachotokea kwa kweli ni kwamba kampuni inatengeneza profaili mpya kwa ajili ya chipu mpya, inaiandika namba ileile juu yake kwenye kumbukumbu zake, na inaiua ya zamani. Namba inakaa kwenye vitabu vya kampuni. Simu yako ina ushahidi tu kwamba wewe ndiwe mwenyewe.

Ukilielewa hilo, unaona hatari ya kufuta. Mwenye namba angefuta profaili kwenye simu ya zamani, namba yake isingepotea, ingebaki kwenye vitabu. Ambacho kingepotea ni ushahidi. Asingeweza tena kupokea ujumbe, na kampuni ingemwomba athibitishe utambulisho wake kwa msimbo utakaotumwa kwenye namba ambayo haipo tena kwenye simu yoyote. Zipo kampuni ambazo, profaili ikifutwa, huufungua tena msimbo wa zamani utumike kwa mara nyingine. Lakini hilo linatakiwa ulisikie kwa kampuni yenyewe kabla ya kufuta, si kulibahatisha.

Simu mpya tuliikagua kabla ya kitu kingine. Inapaswa kuwa haijafungwa na kampuni yoyote, kwa sababu simu nyingi zinazouzwa kwa mkataba hukataa laini za kampuni nyingine, na eSIM ya nyumbani ingekataliwa vilevile. Inapaswa pia kuwa na uwezo wa eSIM; mtu akinunua simu iliyotumika asiamini jina la toleo peke yake, maana kwa miaka mingi iPhone nyingi zilizouzwa China bara zilikuja na nafasi mbili za kadi badala ya eSIM. Kupiga *#06# kulionyesha EID ya simu mpya na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tukaziandika. Sehemu hii haikuwa na tatizo.

Laini mbili, majibu mawili

Simu za siku hizi zina njia ya kuhamisha eSIM moja kwa moja, simu kwa simu. iPhone zilipata njia ya kufanya hivyo kwa Bluetooth kuanzia iOS 16, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2022, na upande wa Android Google ilitangaza mpango wa namna hiyo mwaka 2023. Simu zote mbili za mwenye namba ziliweza. Tukaziweka karibu, zikaonana, na orodha ya laini ikatokea. Laini ya nchi anakoishi ilihama palepale bila mtu yeyote kupigiwa simu. Laini ya nyumbani, kwenye orodha ileile, ilikuja na maelezo kwamba awasiliane na kampuni yake.

Nadhani hapa ndipo pa kujifunza zaidi katika kisa kizima. Simu ni zilezile, meza ni ileile, mtu ni yuleyule. Tofauti iko kwa kampuni. Uhamisho wa simu kwa simu unahitaji kampuni iwe na seva ya kupokea ombi, kuitambua profaili ya zamani kwa funguo zake, na kutoa mpya hapohapo. Kampuni ambayo haijajenga mfumo huo huwezi kuibadilisha kwa kubonyeza kwa bidii zaidi, wala kwa kununua simu ya bei kubwa zaidi. Mwenye namba alikuwa amekwisha kuanza kuilaumu simu mpya, hata kufikiria kuirudisha. Haikuwa na kosa.

Ikabaki programu ya kampuni. Ili kuingia, ilitaka msimbo uliotumwa kwenye namba. Na simu ya zamani, ingawa ilikuwa na eSIM hiyo, haikuwa na mtandao: mwenye namba alikuwa ameizima laini hiyo kwenye mipangilio muda mrefu ili kuokoa chaji, akiiwasha pale tu benki inapomdai msimbo. Tulipoiwasha, ikatafuta mtandao bila kupata.

Sababu zinaweza kuwa kadhaa na zinachanganyikana kirahisi. Watu wengi huzima data ya rominga, yaani ya kutumia laini kwenye mitandao ya nchi nyingine, na kudhani wamezima rominga yote, au huiwasha wakidhani bila data ujumbe hautaingia. Ni vitu viwili tofauti. Ujumbe mfupi na simu za kawaida havihitaji data kuwashwa; vinahitaji laini iruhusiwe na kampuni kutumia mitandao ya nje, na kuwe na mtandao wa hapo ulipo wenye makubaliano na kampuni yako. Sababu nyingine ni nzito zaidi: laini ya malipo ya kabla isiyowekwa salio wala kutumika kwa muda mrefu, kampuni nyingi huifunga, na baadaye namba huweza kugawiwa mtu mwingine. Kila kampuni ina muda wake. Kwa mtu ambaye benki yake imeshikamana na namba hiyo, kuipoteza kwa kukaa kimya ni jambo la kuogopwa kuliko simu kuharibika.

Bahati ilikuwa upande wetu. Laini ilikuwa hai. Ndugu yake wa nyumbani aliiwekea salio, nasi tukaacha kuchagua mtandao kwa otomatiki, tukachagua wenyewe kutoka kwenye orodha, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukapatikana uliokubali. Ujumbe uliokuwa umesubiri ukaanza kuingia. Kampuni nyingine hutoa pia huduma ya kupiga na kupokea kupitia Wi-Fi, na inapopatikana inamfaa sana mtu wa ughaibuni, kwa sababu ujumbe unaweza kuingia hata pasipo mtandao wa rominga. Yake haikuwa na huduma hiyo nje ya nchi.

"Fika dukani na kitambulisho"

Kwenye programu, sehemu ya eSIM ilieleza jinsi ya kuweka mpya lakini haikusema kitu kuhusu kubadilisha simu. Akaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja kwa heshima: "Dada, tafadhali fika katika duka letu lililo karibu nawe ukiwa na kitambulisho chako, utahudumiwa." Akaeleza kwamba yuko nchi nyingine. Jibu likarudi lilelile, na nyongeza kwamba alama za vidole zitahitajika.

Sitaki kuwabeza wahudumu. Kubadilisha laini ni mlango ambao wezi wameutumia sana: anakwenda mtu kwa kampuni akijifanya wewe, anaomba namba yako iwekwe kwenye laini yake, kisha misimbo ya benki yako inaingia mfukoni mwake. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyohiyo, ilitekwa baada ya wahalifu kuidhibiti namba yake ya simu, na Twitter yenyewe ikasema tatizo lilitokana na uzembe wa usalama kwa mtoa huduma wa simu. Kampuni inayokataa kuhamisha namba kwa maneno matupu kwenye dirisha la mazungumzo inamlinda mteja. Ukali huo nauunga mkono.

Nisichokiunga mkono ni kudhani kwamba duka ndiyo njia pekee ya kuwa mkali. Mteja ambaye laini yake iko hewani, anayepokea msimbo kwenye laini hiyohiyo, mwenye hati ya kusafiria yenye jina lilelile la usajili na uso unaoweza kulinganishwa na picha, ametoa ushahidi mwingi kuliko mtu anayesimama mbele ya kaunta na kitambulisho cha kughushi. Maelfu ya watu wanaishi mbali na nchi zao na bado wanalipia laini za nyumbani. Taratibu zilizoandikwa kana kwamba mteja hatoki nje ya mipaka zinawageuza watu hao kuwa kero, ilhali ni wateja waaminifu kuliko wengi.

Kilichofungua njia ni kubadilisha swali. Mpaka hapo alikuwa akiomba, "Naomba mnihamishie laini yangu." Mhudumu akisikia hivyo, anaona ombi la kubadilisha laini na anasoma jibu la kubadilisha laini. Tukaandika upya: laini yangu ni eSIM, inafanya kazi sasa hivi kwenye rominga, napokea ujumbe, nina simu mpya na hii ni EID yake, je, kuna utaratibu wa kutoa eSIM mpya kwa namba ileile kupitia programu, na unahitaji uthibitisho gani? Tukaomba swali lipelekwe kwa kitengo cha eSIM. Jibu lilipokuja lilikuwa tofauti kabisa: utaratibu upo, ndani ya menyu ambayo tusingeifikiria, kwa msimbo wa ujumbe mfupi, picha ya kitambulisho na picha ya uso inayopigwa papo hapo.

Hapo mwenye namba alitaka kubonyeza mara moja. Nilimsihi asubiri, na kusubiri huko ndiko kulikookoa mambo baadaye. Baada ya laini mpya kutolewa, ile ya zamani hufa, na kati ya kufa kwa moja na kushika kwa nyingine kunaweza kuwa na pengo. Kila kitu kinachohitaji msimbo kinapaswa kuhamishwa kwanza, wakati simu ya zamani bado inapokea. Programu ya benki akaiweka kwenye simu mpya na kuisajili, msimbo ukaingia kwenye simu ya zamani, akausoma na kuuandika. Pesa za simu ndivyo hivyo, kwa kadiri huduma ilivyoruhusu. Programu ya ujumbe ikahamia simu mpya kwa msimbo vilevile, maana haijali kadi iko kwenye simu gani ilimradi msimbo usomwe. Barua pepe akaitoa kabisa kwenye utegemezi wa ujumbe mfupi, akaifunga kwa programu inayozalisha misimbo ndani ya simu, na misimbo ya akiba akaiandika kwenye karatasi. Jioni ile namba ya nyumbani ilikuwa imepunguziwa mzigo kuliko ilivyowahi kuwa.

Tukachagua pia siku. Saa za kazi za nyumbani, mapema, huduma kwa wateja ikiwa macho. Isiwe ijumaa jioni, wala mkesha wa malipo makubwa.

Msimbo mpya wa QR ulikuja kwa barua pepe. Akaufungua kwenye kompyuta, simu mpya ikauskani kupitia Wi-Fi ya nyumbani kwake. Anayekosa skrini ya pili anaweza kuandika kwa mkono anwani ya seva na neno la kuamilisha, ambavyo kampuni huvituma pamoja na msimbo. Wi-Fi za hadharani zinazomtaka mtu aingie kupitia ukurasa wa wavuti ni za kuepukwa kwa kazi hii, kwani upakuaji ukikatika katikati huenda ukalazimika kuomba msimbo mwingine.

Profaili ikaingia. Simu ya zamani ikapoteza mtandao, nayo mpya ikaendelea kuandika kwamba inaamilisha, bila kumaliza. Mwenye namba alishikwa na hofu, na ni kweli kwamba ni dakika ngumu: laini haiko huku wala kule. Tulifanya mambo mawili tu, kuizima na kuiwasha simu, na kuchagua kwa mkono mtandao uleule uliokuwa umeikubali simu ya zamani. Ikashika. Nilitaka pia tutazame mara moja ni laini ipi inayotumika kwa data, kwa sababu simu ikiongezewa laini mpya inaweza kuigeuza kuwa ya data, au kuruhusiwa kubadilisha yenyewe pale mtandao unapodhoofu, na bili ya rominga ikaja mwishoni mwa mwezi. Data ikabaki kwenye laini ya nchi anakoishi, na data ya rominga ikazimwa kwenye ya nyumbani. Mwenye iPhone akumbuke kuwa iMessage na FaceTime, huduma za Apple za ujumbe na za simu za video, hujisajili kwa kutuma ujumbe mfupi kimyakimya, ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa wa kimataifa. Pasipo salio, usajili hukwama.

Ndugu yake akamtumia ujumbe wa kawaida, ukaingia. Benki ikatuma msimbo, haukuingia. Akajaribu tena, kimya. Huu haukuwa ubovu. Laini ikibadilishwa, kampuni nyingine za simu na benki nyingine huzuia kwa muda ujumbe wa kifedha kwenye namba hiyo, ili mwizi aliyefanikiwa kuiteka asipate muda wa kuhamisha fedha kabla mwenyewe hajagundua. Kizuizi kiliisha chenyewe. Katika muda huo alilipa bili zake kupitia programu ya benki iliyokwisha kusajiliwa kwenye simu mpya, na hakuhitaji ujumbe hata mmoja. Kama tungebonyeza siku ile aliyotaka, angekuwa amefungiwa nje ya akaunti yake huku kila kitu kikiwa kinafanya kazi sawasawa.

Msimbo wa benki ulipoingia, ndipo simu ya zamani ikafutwa. Simu nyingi, unapozirejesha kwenye hali ya kiwandani, huuliza kama eSIM zibaki au zifutwe pia. Sasa jibu lilikuwa zifutwe, kwa kuwa profaili iliyobaki mle ilikuwa mfu. Simu ikaenda kwa mnunuzi wa vipuri.

Na kama simu ya zamani ingekuwa imekufa?

Swali hili niliulizwa na mwenye namba mwenyewe, na ni haki kuliuliza, kwa sababu tundu lile la chaji lingeweza kukata tamaa wiki moja kabla. Njia zingebaki, lakini nyembamba. Ya kwanza ni kuifufua simu hata kwa saa chache: profaili iko kwenye chipu ya ubao, kwa hiyo kioo kilichovunjika au betri iliyokufa havijaiharibu, na fundi akibadilisha betri laini hurudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana pesa ya ukarabati kwa simu kama hiyo inalipwa bila kusita. Ya pili ni uthibitisho wa mbali kwa video au picha ya uso, pale kampuni inapoutoa bila kutegemea msimbo wa ujumbe. Ya tatu ni ndugu wa nyumbani kwenda dukani na hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. Kampuni nyingine huikubali, nyingine hukataa kata kata kwa kuwa zinataka kidole cha mwenye laini, kwa hiyo jibu lao liombwe kwa maandishi kabla ya kulipia uthibitisho wa ubalozi au wakili. Isipowezekana yote hayo, benki huwa na njia yake ya kubadilisha namba ya mteja, polepole na kwa karatasi nyingi, na ni heri kuianza mapema kuliko kusubiri kampuni ya simu.

Aliniuliza pia kama angekuwa salama zaidi na kadi ya plastiki. Kwa namba ya nyumbani ya mtu anayeishi nje kwa muda mrefu, naamini ndiyo, ikiwa simu yake ina nafasi ya kadi. Kadi unaihamisha mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu, usiku wowote. eSIM ina ubora wake, mwizi hawezi kuichomoa na kuitia kwenye simu nyingine, na hilo si dogo. Lakini chaguo lenyewe linapungua: iPhone zinazouzwa Marekani hazina nafasi ya kadi tangu toleo la 14 la mwaka 2022, na matoleo mengine yanafuata. Simu yake mpya ina nafasi hiyo. Amepanga kwamba akisafiri kwenda kwao aombe namba irudishwe kwenye kadi, na mpaka wakati huo ndugu yake anaiwekea salio kidogo kabla muda wa kampuni haujaisha.